Mtani Penye Msiba: Mawasiliano kama Uhusiano

Wengi wetu tulifundishwa kuyaeleza mawasiliano kama safari ya ujumbe: yuko mtumaji, iko njia, yuko mpokeaji. Picha hiyo yatokana kwa sehemu kubwa na Claude Shannon, Mmarekani aliyeandika mwaka 1948 juu ya upitishaji wa ishara katika mitambo. Kwa mitambo yafaa sana. Kwa watu waishio pamoja yapungukiwa, na upungufu huo hudhihirika mchungaji asimamapo kaburini.

Wafuasi wa mtazamo wa kijamii, ambao kwa sehemu hutegemea mafundisho ya George Herbert Mead (kitabu chake kikuu kilitolewa mwaka 1934, baada ya kufa kwake), hushikilia kwamba maana haikai ndani ya neno. Maana huundwa baina ya wanenao, na kila wanenapo uhusiano wao hufanywa upya. Aliyehudumu Binza, au kwingineko Usukumani, alijua jambo hili kabla ya kulisoma. "Mwangaluka" ya asubuhi haileti habari yoyote. Hata hivyo, apitaye bila kuitamka amesema mengi.

Kielelezo kikubwa zaidi ni utani. Utani wa Wasukuma na Wanyamwezi na makabila ya kuelekea pwani, kama Wazaramo, huhusishwa na misafara ya karne ya 19, wapagazi walipopita katika nchi za wenzao wakihitaji maji, chakula, na pengine mahali pa kuzikwa. Mtani hufika msibani akamcheka marehemu, akadai urithi wa ng'ombe, akawazuia wachukuao jeneza mpaka apewe chochote. Naye huyo huyo aweza kushika jembe na kuchimba kaburi. Radcliffe-Brown, akiandika mwaka 1940, aliona kwamba katika uhusiano wa namna hii mmoja huruhusiwa kudhihaki na mwingine hupaswa asichukie.

Mchungaji mgeni husikia matusi, akaamuru mtu huyo aondolewe. Kwa kipimo cha Shannon hakukosea, kwa kuwa maneno yale ni matusi. Lakini wafiwa walikuwa wakisikia kwamba hawakuachwa peke yao, na sasa wamebaki na ibada yenye utaratibu mzuri na kimya ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukivunja. Mara nyingi sisi watumishi huuita ukimya huo heshima.

Si kila dhihaka ni utani, hata hivyo. Mlevi naye hudhihaki, na ndugu wa mume aweza kumnyang'anya mjane mali huku akicheka. Maneno hayatoshi kutofautisha. Lazima kuuliza ni nani amwambiaye nani, na kama yule aambiwaye naye aweza kujibu. Mjane asiyeweza kujibu hataniwi.

Swali hilo yafaa wazee wa usharika waulizwe kabla ya kengele kupigwa, pamoja na lile la pili: mtani apewe nafasi yake lini, kabla ya liturujia au baada ya udongo kurudishwa?