Kemia na Dhahabu ya Migori
Katika mtaala wa 8-4-4 sayansi za shule ya sekondari ni tatu: Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwanafunzi hana budi kutahiniwa katika mbili angalau. Huko Migori Kemia si habari ya vitabu tu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Macalder, hutia zebaki katika mchanga uliosagwa. Zebaki hushikamana na dhahabu, kisha huchomwa ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, bali huharibu ubongo na figo, na watoto ndio wadhurikao zaidi. Kijana aliyejifunza darasani jinsi joto ligeuzavyo kiowevu kuwa mvuke aweza kumweleza baba yake, kwa heshima, kwa nini zebaki isichomwe jikoni.