Cheche na Maswali Yake

Mwandishi wa gazeti la chuo huchukuliwa kama mtu anayejifunza tu, ambaye kazi yake halisi bado haijaanza. Mimi naona nafasi aliyo nayo leo ina nguvu yake. Hategemei mshahara wa mwenye gazeti, maktaba iko hatua chache kutoka bwenini, wahadhiri wa kuwauliza wapo, na bado ana muda wa kusoma nyaraka ndefu ambazo chumba cha habari chenye haraka huziacha mezani.

Jarida la Cheche lilitumia nafasi hiyo kikamilifu. Lilianza Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969, chini ya USARF, chama cha wanafunzi ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, pamoja na tawi la Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha. Kurasa zilipigwa taipu kwenye stensili, kisha zikadurufiwa.

Septemba 1970 walitoa toleo maalumu: makala ndefu ya Issa Shivji, msomi wa sheria wa Mlimani, kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini. Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, lilikuwa na miaka mitatu, mabenki na viwanda vikubwa vimetaifishwa. Shivji akauliza: nani hasa anaamua? Alichambua ubia wa mashirika ya umma na kampuni za kigeni, pamoja na mikataba ya uendeshaji, akaonyesha kuwa hati ya umiliki inaweza kubadilika huku maamuzi na faida vikibaki kwa walewale. Hakupiga kelele. Alisoma mikataba, na ndiyo maana hoja yake ilikuwa ngumu kupuuzwa.

Novemba mwaka huohuo serikali ililifunga jarida, sababu mojawapo ikiwa kwamba jina lake lilifuata gazeti la Lenin, Iskra, yaani cheche kwa Kirusi. Vijana wa TANU waliendelea na jarida jingine, MajiMaji.

Pamoja na heshima niliyo nayo kwa vijana wale, kasoro moja inaniuma: waliandika hasa kwa Kiingereza, ilhali mfanyakazi wa kiwandani waliyemtetea alisoma Kiswahili.

Kama Shivji alivyokuwa na mikataba, mwanafunzi wa leo ana ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambazo hutolewa kila mwaka na hugusa hata vyuo vya umma. Achague hoja moja, aende akaone mwenyewe bweni au maabara inayotajwa, aulize uongozi na achapishe jibu lake, kisha aandike kwa Kiswahili ambacho mpishi wa kantini ataelewa.