Tumbo likikataa maziwa, jaribu mala

Kuna watu wengi mjini wasiokunywa maziwa, na si kwa sababu ya bei. Mtu hunywa gilasi moja asubuhi, na kabla hajafika kwenye kituo cha matatu tumbo linanguruma, gesi imemjaa na anatafuta choo. Basi huamua kwamba maziwa hayamfai, akayaacha kabisa. La ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akiandaliwa ugali kwa maziwa lala, au mala kama tulivyozoea kuyaita, hula akashiba na kulala bila taabu.

Sababu ni sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Sukari hii huvunjwa katika utumbo mwembamba na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga huwa nacho tele, lakini takriban thuluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa nacho. Sukari isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huila na kutoa gesi. Huvuta maji pia, ndipo mtu akaendesha. Jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zina watu wengi wanaobaki na kimeng'enya hicho hadi uzeeni. Mwaka wa 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba tofauti hiyo imo katika damu ya ukoo, yaani hurithiwa. Kwa hivyo si ugonjwa, wala si deko la watu wa mjini.

Maziwa yanapolala, bakteria wanaoyagandisha hula sehemu ya sukari hiyo na kuigeuza kuwa asidi. Asidi ndiyo inayoleta uchachu na kuyafanya maziwa kuwa mazito. Sukari haiishi yote, lakini iliyobaki huwa kidogo, na uzito wa mala hufanya chakula kipite tumboni polepole. Ikiwa maziwa yamekuwa yakikusumbua, anza na nusu kikombe pamoja na chakula, kisha uongeze ukiona tumbo limetulia.

Faida nyingine haipotei. Kikombe cha robo lita kina kalsiamu ya kiasi cha miligramu 300, karibu thuluthi moja ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, na protini ya gramu 8 hivi. Mtu aliyeacha maziwa tangu ujana, hasa mwanamke anayekaribia umri wa kukoma hedhi, anaihitaji kalsiamu hiyo kwa mifupa yake.

Sifa nyingine zimetiwa chumvi. Elie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, aliamini kwamba maziwa machachu ndiyo yaliyowapa wakulima wa Bulgaria maisha marefu. Hilo halikuthibitishwa. Anayekuuzia mala akikuambia kwamba yanaponya kisukari au saratani, lipia maziwa na umwachie maneno yake.

Sasa tufike kwenye hatari. Wengi hudhani uchachu huua kila kiini, kwa hivyo hununua maziwa mabichi na kuyaacha yagande yenyewe. Sivyo. Viini vya bruselosi na vya kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kubaki hai ndani ya maziwa machachu kwa siku kadhaa. Bruselosi huleta homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, na maumivu ya mgongo na viungo. Mgonjwa hutibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, na bado haponi. Dawa zake humezwa kwa muda wa majuma sita hivi. Mama mjamzito awe mwangalifu zaidi. Ukiwa na homa isiyoisha, mweleze daktari kama ulikunywa maziwa mabichi.

Njia salama si ngumu. Chemsha maziwa mpaka yafure, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha utie vijiko viwili vya mala ya dukani isiyotiwa sukari. Koroga, funika katika chombo safi, na uyaache bila kuyatikisa. Mombasa huenda yakaganda usiku mmoja. Nairobi mwezi wa Julai, yafunike kwa blanketi na uyape siku nzima. Yakishaganda, yaweke kwenye friji. Usiyachemshe tena, kwa maana utawaua bakteria uliokuwa ukiwataka.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji mala. Maziwa ya mama yanamtosha.

Na kama yamekataa kuganda, usilaumu mkono wako. Huenda ng'ombe alikuwa akitibiwa kwa antibiotiki na akakamwa kabla dawa haijamtoka mwilini, na dawa hiyo huua bakteria wanaogandisha. Maziwa ya namna hiyo usiwape watoto, na kesho yake umwulize muuzaji.