Uradidi wa Nambari katika Mafumbo ya Kuzidisha na Kugawanya kwa Watoto wa Madarasa ya Mwanzo: Mifano kutoka Mazingira ya Mirongo, Mwanza

Fumbo, kwa maana inayotumika katika somo la hesabu la shule za msingi nchini Tanzania, ni swali la hesabu lililovikwa maelezo. Badala ya kupewa 4 × 3, mtoto husimuliwa habari fupi ya watu na vitu, kisha huamua mwenyewe ni tendo gani la kihesabu linalohitajika. Mtaala wa Darasa la I na la II wa mwaka 2015 ulijengwa juu ya stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kwa kuwa katika shule nyingi za serikali stadi hizo hufundishwa kwa Kiswahili, kushindwa fumbo hakuwezi kuelezwa kwa ugeni wa Kiingereza. Makala hii inafafanua chanzo kimoja cha ugumu kilichomo ndani ya Kiswahili chenyewe: pengo kati ya namna wazungumzaji wanavyotaja mafungu yaliyo sawa na namna mafumbo yanavyoandikwa.

Kata ya Mirongo imo katika Wilaya ya Nyamagana, Jiji la Mwanza, na jina lake ni la mto upitao mjini kuelekea Ziwa Victoria. Katika mazingira ya namna hiyo mtoto hukua akiona nyanya, dagaa na sato wadogo wakiuzwa kwa mafungu, na bei ikitajwa kwa uradidi: “mia tano mia tano”, au kwa kifupi “mia tano tano”. Asikiaye tamko hilo hadhani kwamba mafungu yote kwa pamoja yanauzwa shilingi 500. Anaelewa kwamba hiyo ni bei ya fungu moja, na kwamba mwenye kuchukua matatu atalipa 1,500. Muundo wa kuzidisha umekwisha kuwekwa katika sentensi kabla ya mtoto kukaririshwa jedwali lolote.

Nguvu ya uradidi huonekana zaidi sentensi mbili zikilinganishwa. “Watoto watatu walinunua maembe mawili” humwelekeza msikilizaji kwenye jumla ya maembe mawili. “Watoto watatu walinunua maembe mawili mawili” humpa maembe sita. Aidha, upatanisho wa kisarufi hubainisha ni kitu gani kinachohesabiwa ndani ya kila kundi. Katika “wanafunzi waliketi kwenye madawati watatu watatu”, kiambishi wa- hakiachi shaka kwamba watatu ni wanafunzi, si madawati.

Utajiri huo hupotea nambari zinapoandikwa kwa tarakimu. Hakuna mwandishi wa kitabu atakayeandika “maembe 2 2”, kwa sababu mtoto atasoma 22. Tarakimu pia hazibebi kiambishi cha upatanisho. Kwa hiyo mafumbo hukimbilia neno “kila”: “Kila mtoto alinunua maembe 2.” Sentensi hiyo ni sahihi, lakini imemwondoa mtoto kwenye usemi alioujua barazani na sokoni, tena wakati uleule anapokutana na alama mpya ya kihesabu. Neno “kuzidisha” nalo halimsaidii sana, kwani katika usemi wa kila siku kuzidi ni kupita kiasi, na mtoto anayejumlisha pale alipoambiwa azidishe anaweza kuwa anafuata maana ya neno kwa uaminifu.

Katika kugawanya tatizo huwa zito zaidi. Tuchukue mafumbo mawili: “Sato kumi na wawili walipangwa watatu watatu. Yalipatikana mafungu mangapi?” na “Sato kumi na wawili walipangwa katika mafungu matatu yaliyo sawa. Kila fungu lina sato wangapi?” Yote mawili huandikwa 12 ÷ 3 = 4. Hata hivyo, 4 ya kwanza ni mafungu na 4 ya pili ni sato. Mtoto mwenye vifuniko vya chupa mezani atatenda mambo mawili tofauti: katika fumbo la kwanza atatenga vitatu vitatu hadi viishe, katika la pili ataweka kimojakimoja katika sehemu tatu kwa zamu. Mwalimu aliyefafanua kugawanya kuwa “kugawana sawasawa” tu amefundisha fumbo la pili na kuliacha la kwanza bila njia.

Fischbein na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1985 kwa wanafunzi wa Italia, walipendekeza kwamba kugawana ndiyo dhana ya asili ya kugawanya, na kwamba kutenga kwa kipimo huja baadaye kwa mafunzo. Carpenter na wenzake, mwaka 1993, waliwapa watoto 70 wa chekechea nchini Marekani mafumbo 9 ya aina mbalimbali. Watoto 32 walitumia njia halali katika yote, wengi wakiigiza habari kwa vitu vya kuhesabia. Pendekezo la Fischbein linastahili kupimwa upya kwa wazungumzaji wa Kiswahili, ambao lugha yao huitaja dhana ya kipimo kwa maneno mawili tu, “watatu watatu”.

Haifuati kwamba uradidi ugeuzwe kuwa neno la kuvizia. Kanuni ya “ukiona kila, zidisha” huanguka mara moja mbele ya fumbo hili: “Kila fungu lina sato 3. Sato wote ni 12. Mafungu ni mangapi?” “Watatu watatu” nayo hupatikana katika kuzidisha na katika kugawanya. Kinachoonyeshwa na uradidi ni ukubwa wa kundi. Tendo hutegemea kisichojulikana.

Kwa ufundishaji, mpangilio unaofaa ni kuanza na mafumbo ya kusimuliwa kwa mdomo, nambari ya kundi ikiwa katika uradidi. Kisha kuandika nambari hiyo kwa maneno. Ndipo “kila” na tarakimu zifuate, sentensi mbili zenye maana moja zikisomwa pamoja. Kwa upimaji, jibu “4” lisilotaja kitu halitoshi kumjulisha msahihishaji kilichoeleweka. Baki nayo hudai uangalifu uleule. Sato 14 wakipangwa watatu watatu hutoa mafungu 4 na sato 2 hubaki, lakini wavuvi 14 wanaovuka watatu watatu huhitaji mitumbwi 5. Mtoto aliyeandika “mitumbwi 5” katika swali hilo asisahihishwe kwa kuwa 14 ÷ 3 ni 4 baki 2.