Damu 11.4 ya Mombo si 11.4 ya Lushoto

Chukua wajawazito wawili, wote mimba ya miezi minane. Mmoja anahudhuria kliniki Mombo, pale barabara kuu ya Arusha inapopita. Mwingine yuko Lushoto mjini, kama kilomita 33 tu kwa ile barabara ya kona kona. Wamepimwa wingi wa damu, na kadi zote mbili zimeandikwa 11.4. Kwa umri huo wa mimba, kiwango cha chini kinachokubalika ni gramu 11 za hemoglobini kwa desilita. Mwanafunzi wa uuguzi na ukunga aliyekariri kwamba "chini ya 11 ni upungufu" atawaambia wote wawili wako vizuri. Kwa wa Mombo, sawa. Kwa wa Lushoto, hapana.

Diploma ya uuguzi na ukunga ni ya miaka mitatu. Anatomia na fiziolojia zinakuja mapema, kwa Kiingereza, na darasani kuna waliotoka kidato cha nne juzi tu. Si ajabu watu wanakimbilia kukariri. Mifupa 206 unaweza ukaikariri na mtihani ukapita. Damu haikubali hivyo, kwa sababu inabadilika kufuata mahali mtu anapoishi na hali aliyo nayo.

Tuanze na mahali. Hewa ya Lushoto ina oksijeni asilimia 21, ileile ya Tanga mjini. Kinachopungua ni mgandamizo. Kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 85 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Figo ndizo zinazogundua hilo (wengi hudhani kazi yake ni mkojo tu). Zinatoa homoni iitwayo eritropoietini, nayo inausukuma uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu zaidi. Maana yake, mtu mwenye afya wa Lushoto anatakiwa awe na hemoglobini nyingi kuliko mwenzake wa Mombo.

Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unasema hivi: kwa anayeishi kati ya mita 1,000 na 1,499, toa 0.8 kwenye kipimo chake kabla ya kukilinganisha na kiwango. Kwa Mombo, iliyo chini ya mita 500, hutoi kitu. Sasa piga hesabu: 11.4 toa 0.8 ni 10.6. Mama wa Lushoto ana upungufu wa damu. Ni mdogo, lakini upo. Simwambii mwanafunzi aanze kubishana na mwongozo wa kituo alichopangiwa. Namwambia ajue namba aliyoandika inasema nini.

Halafu kuna mimba yenyewe. Plazma, yaani ile sehemu ya majimaji ya damu, huongezeka kwa karibu nusu. Seli nyekundu nazo huongezeka, ila si kwa kasi hiyo, hivyo kipimo hushuka hata kwa mama asiye na tatizo. Ni kama mchuzi uliozidishiwa maji. Mwili una faida yake hapo: damu nyepesi hupita kwa urahisi kwenye kondo la nyuma, na ujazo ule wa ziada ni akiba ya siku ya kujifungua. Mimba ikikaribia mwisho, mji wa mimba hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika. Usipokaza baada ya mtoto kutoka, hatari inahesabiwa kwa dakika. Aliyeanza na 10.6 anafika pabaya mapema kuliko mwenye 12, na kama anatokea kijiji cha mbali huko milimani, muda huo ndio asiokuwa nao.

Malaria nayo inafuata mlima. Utafiti uliochapishwa 2003 na Bødker na wenzake ulilinganisha vijiji vya Usambara Magharibi, na ukakuta maambukizi ya bondeni yanazidi ya juu kwa zaidi ya mara 1,000. Kwenye baridi, kimelea huchukua muda mrefu kukomaa ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla. Habari njema? Nusu tu. Asiyeumwa na mbu wenye vimelea hajengi kinga, na watu wa Lushoto wanashuka bondeni kila mara kwa biashara na misiba.

Hata mwanamke wa bondeni mwenye kinga ya tangu utotoni hupata mtihani mpya akishika mimba. Mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba vimelea vya kwenye kondo la nyuma hunasa kwenye kitu kiitwacho kondroitini salfeti A. Baadaye waliendelea na utafiti huo Muheza, chini ya Usambara Mashariki. Kinga ya zamani haivitambui vimelea vya aina hiyo, kwa hiyo mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi, na zinazofuata hupata nafuu. Kwa mama wa Lushoto hata mimba ya tatu inaweza kuwa kama ya kwanza. Kwa hiyo mbali na dozi za SP na chandarua, muulize: "Mama, mara ya mwisho umeshuka bondeni lini?"

Swali jingine ni la vidonge vya madini ya chuma. "Unavimeza na nini, mama?" Usambara ni nchi ya chai, na jibu mara nyingi litakuwa chai. Tanini za chai hushikana na chuma tumboni, na sehemu kubwa yake haiingii kwenye damu. Chai isubiri saa moja au mbili. Vidonge vimezwe kwa maji, pamoja na chungwa likipatikana, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Na machungwa ya Muheza hayako mbali.