Apu Inaburuta Baada ya Kusasishwa? Usibonyeze "Tuma" Mara Mbili

Umesasisha apu asubuhi. Sasa uko dukani unataka kulipa, na skrini inazunguka tu. Kabla ya kulaumu mtandao au kubonyeza "Tuma" tena, elewa kinachoendelea ndani ya simu.

Apu huandikwa kwa lugha kama Java, Kotlin au C++. Prosesa ya simu haielewi hata moja kati ya hizo. Yenyewe inajua 0 na 1 tu. Lazima pawe na wa kutafsiri.

Mkalimani au mfasiri?

Mkalimani hutafsiri sentensi moja moja, kama kwenye mkutano wa injili: mhubiri akirudia neno mara kumi, naye hulitafsiri mara kumi. Python kwa kawaida hutumia njia hii, ndiyo maana huwa polepole kwenye hesabu nzito.

Mfasiri, yaani kompaila, hutafsiri kitabu kizima mapema. C++ hufanya hivyo. Tena kompaila nzuri hupunguza kazi: ikikuta 24 × 60 × 60, huandika 86,400 papo hapo, ili simu isirudie hesabu hiyo kila mara.

Android huchanganya zote mbili

Android 5.0 ya 2014 ilitafsiri apu nzima wakati wa kuiweka kwenye simu. Hilo lilikula muda na nafasi. Tangu Android 7.0 ya 2016, simu huanza na mkalimani, hutazama sehemu unazotumia sana, kisha huzitafsiri kabisa ikiwa imetulia kwenye chaji. Ukisasisha apu, kazi hiyo inaweza kuanza upya. Ndiyo maana siku ya kwanza inaweza kuburuta.

Ufanye nini?

- Sasisha apu jioni, kisha iache simu kwenye chaji usiku kucha.
- Skrini ikikwama baada ya kubonyeza "Tuma", usirudie. Huenda ombi lako limeshatufikia. Ngoja SMS, au angalia salio kwanza.
- Una haraka? Tumia menyu ya USSD. Kazi hufanyika kwenye mitambo, si kwenye apu.
- Epuka apu za "kuongeza kasi" zinazotaka kusoma SMS zako. PIN usimpe yeyote.

Kasi itarudi yenyewe. Pesa uliyotuma mara mbili, hiyo itabidi uombe irudishwe.