Mawe ya Eastlands Yanasema, Nani Ayasikilizaye?

Mgeni akifika katika mji mdogo wa Uhispania, hata ule ambao mtu aweza kuuzunguka kwa miguu baina ya alasiri na magharibi, hupewa karatasi yenye ramani. Humo ameandikiwa kwamba hapa pana kikanisa cha mlimani alipokaa mtawa peke yake akimwabudu Mola wake, hapa pana sanamu ya shujaa, na hapa pana kisima cha kale. Mgeni huyo atapanda kilima jua likimchoma utosini, akakione kikanisa kisichotosha watu thelathini, apige picha, kisha arudi kwao akasimulie. Kilichomvuta si ukubwa wa jengo. Wenye mji wamelitia jengo maneno mdomoni, nalo linasema.

Sisi je? Mkaaji wa Nairobi akitaka kumtembeza mgeni wake humpeleka mbugani akaone simba, au kwenye jumba la mikutano la Kenyatta akaone mji kutoka juu. Ni nadra kumwelekeza upande wa mashariki. Mitaa ya huko, ambayo wote tunaiita Eastlands, husifika kwa makelele ya matatu, msongamano wa watu na maji machafu. Lakini kiko kitu kingine huko, nacho ni historia ya nchi hii iliyojengwa kwa mawe, kwa udongo na kwa mabati. Basi, ndugu msomaji, vaa viatu vya kutembelea tufuatane.

JINA LA WAPAGAZI

Tuanzie Kariokor. Watu huja hapa kununua vyondo, mikanda ya ngozi na nyama ya kuchoma, wakaenda zao pasi na kujiuliza jina hili limetoka wapi. Ni neno la Kiingereza lililopita kinywani mwa Mswahili, likatoka limevaa kanzu. Asili yake ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua Waafrika mamia ya maelfu wakawabebesha risasi na vyakula, wakimwandama jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, katika misitu ya Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Wapagazi wa Nairobi walikuwa na kambi yao mahali hapa, na Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa njia hiyo hiyo.

Katikati ya jiji, kwenye barabara ya Kenyatta, ipo sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi hao. Imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na watalii huipiga picha. Lakini sanamu ni ya mchongaji, na jina ni la watu wenyewe. Waliofiwa hawakuwa na shaba wala fundi wa kuichonga. Walichokuwa nacho ni ulimi, nao wakaujenga ukumbusho wao kwa ulimi. Kila makanga anayepaza sauti "Kariokor!" anawaombea wapagazi wale bila kujua.

PUMWANI, MAHALI PA KUPUMUA

Hatua chache kuelekea mashariki utaingia Pumwani. Mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa, kwani pumwani ni mahali pa kupumua, pa kutua mzigo. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale serikali ya kikoloni ilipotaka kuwakusanya Waafrika waliokuwa wametapakaa katika vijiji vyao vya kale ndani ya mji, kama vile Maskini, Mombasa na Pangani. Waliruhusiwa kujenga wenyewe, nao wakajenga nyumba ile tuijuayo Lamu, Mombasa na Unguja, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na paa la madebe yaliyopasuliwa kabla ya mabati kuenea. Ndiyo maana sehemu hiyo ikaitwa Majengo, jina lile lile la mtaa wa Mombasa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyumba nyingi za Pumwani, na za Pangani kabla yake, zilikuwa mali ya wanawake. Walikuwa wanawake waliokuja mjini kutoka bara, wakafanya kazi, wakaweka akiba, wakasilimu, wakajenga. Wakati ambapo mwanamke wa mashambani hakuwa na shamba kwa jina lake, mwanamke wa Pumwani alikuwa akipokea kodi ya chumba na kuandika wosia. Ukiona nyumba ya udongo iliyobaki Majengo, ukuta wake umepinda kama mgongo wa ajuza, usiidharau. Huo ni ukumbusho kamili, ijapokuwa haukuzungushiwa mnyororo.

Uko pia msikiti wa Riyadha. Aliyesoma chuoni akiwa mdogo, akakalia jamvi mbele ya mwalimu, akilisikia jina hilo moyo wake huruka hadi Lamu, kwa Habib Swaleh na maulidi yake. Jina limesafiri kutoka kisiwani hadi bara kama mbegu iliyobebwa na upepo, likaota katikati ya vibanda vya mabati. Karibu nao kuna kanisa la Mtakatifu Yohana, na kuna hospitali ya wazazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926 na Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Waliozaliwa hapo hawana idadi, wakiwamo wengi wasiopenda sasa kusema kwamba wamezaliwa Pumwani. Iko tena Memorial Hall, ukumbi uliojengwa katika miaka hiyo ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliokufa vitani. Hivyo wafu wa Kariokor na wachanga wa Pumwani ni majirani.

SHAURI LA MOYO NA NENO LA KAMUKUNJI

Pangani ya kale haikusalimika. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1930 ilivunjwa, na wenye nyumba wakahamishiwa mtaa mpya uliojengwa na baraza la mji, Shauri Moyo. Jina hilo lipo Unguja pia. Lakini mtu aliyeiona nyumba yake ikilala chini, kisha akaambiwa achukue ufunguo wa chumba cha serikali, alikuwa na shauri gani jingine ila la moyo? Katika Pangani alikuwa mwenye nyumba. Alipovuka akawa mpangaji. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Karibu na hapo uko uwanja wa Kamukunji. Ukitazama kwa macho tu utaona vumbi, na pembeni utasikia nyundo za mafundi wa jua kali wakigonga mabati yawe masanduku, majiko na karai. Lakini uwanja huu umekilisha Kiswahili. Tarehe 7 Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano hapa wa kudai mfumo wa vyama vingi. Wao wenyewe walitiwa kizuizini siku chache kabla, lakini watu walikuja. Yakafuata mabomu ya machozi, risasi na vifo, na siku hiyo ikapata jina la Saba Saba. Mwezi Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kikafutwa. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu akisema "kuna kamukunji jioni," hana maana ya uwanja. Ana maana ya watu kukutana wakasema wazi. Ni viwanja vingapi duniani vilivyogeuka kuwa neno la kamusi?

UKUMBI WA KALOLENI

Sasa tuvuke barabara ya Jogoo tuingie Kaloleni, jina jingine lililopanda kutoka pwani. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940. Wenyeji husimulia kwamba mikono iliyochonga mawe yake ilikuwa ya Wataliani waliotekwa vitani. Umepangwa kwa mtindo wa miji ya bustani ya Uingereza, wenye nyumba fupi za mawe, miti, na njia zinazoelekea katikati kama mishi ya gurudumu. Na katikati hapo pana ukumbi.

Ukumbi wenyewe si mkubwa. Lakini tarehe 23 Aprili 1950, wiki chache tu baada ya Nairobi kupewa hadhi ya jiji kwa shangwe na fahari ya kifalme, ulifanyika humo mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki. Akasimama Makhan Singh, Kalasinga mwenye kilemba, mtu wa vyama vya wafanyakazi, akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hakusema uje polepole, wala hakuomba upunguziwe bei. Mwezi Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai, mzaliwa wa Mombasa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma muda wa siku tisa hivi. Kubai alirudi mapema akaendelea na siasa, lakini Makhan Singh alikaa kizuizini miaka kumi na moja, hadi Oktoba 1961. Alifariki mwaka 1973. Ukimwuliza mtoto wa shule ni nani alidai uhuru waziwazi ndani ya ukumbi wa Kaloleni, atakutazama kama aliyeulizwa habari za mwezini.

Nje ya Kaloleni uko uwanja wa mpira wa barabara ya Jogoo, ambao baba zetu waliujua kwa jina la City Stadium, na ambao baada ya kifo cha Joe Kadenge mwaka 2019 ulipewa jina la mchezaji huyo. Hilo ni jema. Mtu aliyewafurahisha watu apewe mahali pa furaha.

Na majina ya mitaa mingine? Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani wa jiji aliyeuawa mwaka 1953. Mbotela ni Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyekataa njia ya silaha, akauawa Novemba 1952. Ukoo wake ni ule wa Freretown, Mombasa, ukoo wa James Juma Mbotela aliyetuandikia kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Upande wa pili, Dedan Kimathi alisimamishiwa sanamu katikati ya jiji mwaka 2007. Basi mji huu huu unawakumbuka walioingia msituni na wale walioangukia upande mwingine wa ugomvi huo. Ni historia nzito. Haifai kufichwa, wala haifai kusimuliwa nusu.

NYUNDO INAKUJA

Nimeyasema haya kwa sababu nyundo iko mlangoni. Mitaa hii imezeeka, mabomba yameoza, na watu wa Nairobi wanahitaji nyumba. Hilo halina ubishi. Pangani mpya nayo imebomolewa, magorofa yakasimama. Mwaka 2025 wakaaji wa Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli jirani na Kaloleni, walitakiwa kuhama kupisha ujenzi. Mitaa mingine ya kale imo katika mipango hiyo hiyo. Aliyekaa chumba kimoja na watoto watano hawezi kula historia, nami simwambii aile.

Lakini Pangani ya 1939 ilitufunza jambo. Nyumba ikivunjwa, si udongo peke yake unaoanguka. Huanguka haki ya mwenye nyumba, na huanguka kumbukumbu ya jirani. Waliohamishwa wakati ule wangeulizwa, pengine jina la mtaa wao mpya lisingekuwa na huzuni. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamwezesha waziri kulitangaza jengo kuwa ukumbusho wa taifa. Ukumbi wa Kaloleni hauchukui nafasi ya magorofa kumi. Nyumba moja ya udongo ya Majengo, ikatengenezwa, ikaelezwa ilikuwa ya mwanamke wa namna gani, haimnyimi mtu chumba. Vibao vichache vya Kiswahili, kijana mmoja wa mtaani aliyefunzwa kuongoza wageni, na karatasi moja yenye ramani, yote hayo yaweza kufanywa kabla ya buldoza kuwashwa. Baada yake hayawezekani.

Tena wazee wapo, ijapokuwa wanapungua. Kila msiba wa Majengo unaondoka na maktaba.

Nami kwa kuwa ulimi wangu umezoea mizani, nayaacha haya kwa vijana wa Eastlands, wayabandike ukutani wakipenda:

Mpita njia tazama, usipite kwa haraka,
Mawe haya yana jama, na siri za kukumbuka,
Wapo waliosimama, haki yao kuitaka,
Ukuta ukianguka, jina lisije kuzama.

Kutoka Kariokor hadi Kaloleni ni mwendo usiomaliza asubuhi moja. Jumamosi yaja. Mchukue mwanao umtembeze.